Bapa au koilova? Cortina mbili za 1964 na springi za nyuma

Leo naweka kando hifadhidata na seva, tuzungumze magari. Usikimbie. Ukifika mwisho utaona hatujatoka mbali na kazi yetu ya kila siku.

Ukikaa na vijana wanaopenda magari hapa Nairobi hukosi kumsikia mmoja akisema atang'oa springi za nyuma za pikapu yake atie koilova. Sababu huwa ni ile ile: springi za bapa ni teknolojia ya mikokoteni ya farasi, na gari la kisasa lina koilova. Kwamba ni za zamani, ni kweli kabisa. Lakini uamuzi huu si mpya. Umefanywa mara nyingi na wahandisi waliojua kazi yao, wenye pesa na wenye vipimo, na kuna waliotia koilova, wakazitoa, wakarudisha bapa. Hadithi yao inafaa kusomwa kabla hujashika spana, maana kinachoning'inia hapo nyuma ni uzito wa gari na watu waliomo.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno

Springi ya bapa ni vyuma virefu vyembamba vilivyopindwa kidogo kama upinde, vikapangwa kimoja juu ya kingine, kile kirefu juu na vifupi chini. Katikati vimefungwa kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la U. Ncha ya mbele imetiwa pini kwenye chasisi. Ncha ya nyuma imefungwa kwa kiungo kinachobembea, kwa sababu springi ikilemewa hunyooka, na ikinyooka hurefuka, kwa hiyo lazima ipate pa kwenda.

Koilova ni springi ya koili iliyovishwa juu ya shokamzoba (wengi huiita shoki tu), vyote viwili vikawa kitu kimoja kinachofungwa kwa bolti moja juu na moja chini.

Kwa nini vyuma vingi vyembamba na si kimoja kinene? Hapa kuna hesabu nzuri. Ugumu wa chuma bapa hukua kwa unene wake ukizidishwa wenyewe mara tatu. Chukua vyuma 5 vya milimita 8, vyenye urefu sawa. Vikiwa huru kuteleza, ugumu wao wote ni 5 × 8 × 8 × 8, yaani 2,560. Sasa chukua kipande kimoja cha milimita 40: 40 × 40 × 40 ni 64,000. Kiasi kile kile cha chuma, lakini kipande kimoja ni kigumu mara 25. Kwa hiyo anayechomelea vyuma vya springi pamoja ili "visilegee" hajaimarisha springi. Ameitengeneza kuwa nguzo.

Kazi nne kwa mshahara mmoja

Watu wengi hudhani kazi ya springi ya bapa ni kubeba uzito tu. Hesabu vizuri:

1. Hubeba uzito wa gari.
2. Hushika ekseli mahali pake, isiende mbele, nyuma wala kando.
3. Huzuia ekseli isijizungushe yenyewe unapokanyaga mafuta au breki.
4. Vyuma vikisuguana hupunguza mruko, ingawa shokamzoba bado inahitajika.

Springi ya koili inafanya kazi ya kwanza peke yake. Koilova inafanya ya kwanza na ya nne, na ile ya nne inaifanya vizuri zaidi ya bapa. Ya pili na ya tatu hazina mwenyewe. Ukitoa bapa ukaweka koilova mbili na hukuongeza kitu, ekseli haijashikwa na chochote cha maana. Lazima uweke vyuma vya kuishika: kwa kawaida vinne vya kwenda mbele na nyuma, au viwili virefu pamoja na kimoja cha kukingama kinachozuia isihame kando.

Walioandika programu watatambua hali hii mara moja. Kuna faili moja kuukuu kwenye mfumo, haina maelezo, kila mtu anaicheka, na inafanya kazi nne. Unaifuta, unaweka moduli mpya safi inayofanya kazi moja vizuri sana. Majaribio yanapita. Zile kazi nyingine hazikuambii kwamba zimekufa mpaka siku mteja anapoingia.

Hiyo ndiyo sababu bapa zilidumu. Zilitumika kwenye magari ya farasi kabla ya injini, na Henry Ford alipotoa Model T mwaka 1908 aliweka moja ya kukingama mbele na moja nyuma. Hakuwa mshamba. Alitaka gari rahisi kwa barabara mbovu za mashambani Marekani, na sehemu moja yenye kazi nyingi ni rahisi kuliko sehemu nyingi zenye kazi moja moja.

Cheshunt, 1963: mtu aliyeamua kung'oa bapa

Sasa twende Uingereza. Mwaka 1962 Ford walitoa Cortina, gari la kawaida la familia, lenye ekseli nzima nyuma na springi za bapa. Waliona wakishinda mashindano watauza zaidi, wakampelekea Colin Chapman wa Lotus. Chapman akatia injini yake ya sentimita za ujazo 1,558 yenye kamshafti mbili, na Lotus wakawa wanayaunganisha magari hayo kwenye kiwanda chao kule Cheshunt. Gari lilitangazwa Januari 1963.

Chapman alichukia uzito na alichukia kitu chochote kisichokaa pale alipokiweka. Bapa zina makosa yote mawili. Ni nzito, na ukikanyaga mafuta kwa nguvu hupinda umbo la S, ekseli ikaanza kurukaruka. Akazitoa. Mahali pake akaweka springi za koili zilizovishwa shokamzoba na kusimama wima, yaani koilova kwa lugha yetu ya leo. Kisha akafanya lile ambalo vijana wetu hulisahau: akatafuta wa kufanya zile kazi nyingine. Aliweka mkono mmoja wa chuma kila upande, na chini ya ekseli akaweka fremu yenye umbo la herufi A iliyoshikana na difu ili ekseli isihame kando. Kifuniko cha difu kilikuwa cha alumini ili kipunguze uzito. Tena mwili wa gari ukaongezewa vyuma vya kuuimarisha upande wa buti, kwa sababu uzito ulikuwa sasa unaingia mahali pengine.

Kwenye viwanja vya lami gari lilikuwa moto. Mwaka 1964 Jim Clark alitwaa ubingwa wa magari ya saluni ya Uingereza akiendesha Lotus Cortina, na picha zake akikata kona huku gurudumu moja la mbele liko hewani zinajulikana hadi leo.

Lakini wanunuzi wa kawaida, na wale wa mashindano ya nje ya lami, walipata gari jingine. Nguvu zote za kona zilipitia ile fremu ya A na kuingia kwenye kifuniko cha difu, kitu ambacho kilibuniwa kushika gia na mafuta. Bolti zililegea, oili ikavuja, oili ikadondokea bushi za mpira za fremu yenyewe, bushi zikaoza, fremu ikacheza zaidi, bolti zikalegea zaidi. Anayejua hitilafu zinazojilisha zenyewe anaielewa picha.

Katikati ya mwaka 1965 koilova na fremu ya A ziliondolewa. Lotus Cortina ikapewa springi za bapa pamoja na mikono miwili ya chuma ya kuzuia ekseli isijizungushe, mpangilio wa ndugu yake wa bei nafuu, Cortina GT. Mwaka 1966 Bengt Söderström alishinda RAC Rally kule Uingereza kwa Lotus Cortina.

Angalia vizuri kilichoharibika. Koilova zenyewe hazikuwa na kosa. Kilichovunjika ni kile kilichopewa kazi ambayo hapo awali bapa ziliifanya bila kusifiwa na mtu.

Pasaka ya 1964, nyumbani

Mwaka ule ule ambao Clark alikuwa anashinda Uingereza kwa Cortina yenye koili, Cortina nyingine ilikuwa hapa Afrika Mashariki. Peter Hughes na Bill Young walishinda East African Safari ya 1964 kwa Cortina GT. Bodi moja, jina moja, mwaka mmoja. Nyuma: bapa.

Safari ilianza 1953, na kwa miaka mingi ilikuwa takriban kilomita 5,000 za vumbi, matope na mawe kwa siku chache tu. Mwaka 1963 na tena 1968 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Kama unataka maabara ya springi, huwezi kupata bora kuliko hii. Nimepanga washindi wa miaka 16, kila mmoja na springi zake za nyuma:

1963 – Peugeot 404, Nick Nowicki: koili
1964 – Ford Cortina GT, Peter Hughes: bapa
1965 – Volvo PV544, Joginder Singh: koili
1966 – Peugeot 404, Bert Shankland: koili
1967 – Peugeot 404, Bert Shankland: koili
1968 – Peugeot 404, Nick Nowicki: koili
1969 – Ford Taunus 20M RS, Robin Hillyar: bapa
1970 – Datsun 1600 SSS, Edgar Herrmann: koili
1971 – Datsun 240Z, Edgar Herrmann: koili juu ya shokamzoba
1972 – Ford Escort RS1600, Hannu Mikkola: bapa
1973 – Datsun 240Z, Shekhar Mehta: koili juu ya shokamzoba
1974 – Mitsubishi Lancer 1600 GSR, Joginder Singh: bapa
1975 – Peugeot 504, Ove Andersson: koili
1976 – Mitsubishi Lancer 1600 GSR, Joginder Singh: bapa
1977 – Ford Escort RS1800, Björn Waldegård: bapa
1978 – Peugeot 504 V6 Coupé, Jean-Pierre Nicolas: koili

Koili 10, bapa 6. Mtu anayesema bapa haziwezi mwendo ajibu kwanza kuhusu 1974, Joginder alipomwacha Waldegård nyuma akiwa kwenye Porsche 911. Na ajibu kuhusu 1976, Lancer zilipochukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Na yule anayesema koili ni za lami tu, zitavunjikia porini, aangalie 1963 na 1968. Katika miaka ile miwili iliyoua karibu magari yote, aliyefika wa kwanza alikuwa mtu yule yule, Nowicki, kwenye Peugeot yenye koili.

Kwa nini Peugeot na Volvo zilifaulu pale ambapo Lotus ilivuja mafuta? Kwa sababu zilibuniwa na koili tangu kwenye karatasi. Kwa Peugeot 404, propela imefungiwa ndani ya mrija imara uliounganishwa na ekseli, na mrija huo ndio unaozuia ekseli isijizungushe. Zile kazi nyingine zilikuwa na mwenyewe tangu siku ya kwanza. Chapman alikuwa anabadilisha gari lililokwisha kubuniwa na wengine. Kuandika mfumo mpya ni jambo moja, na kung'oa kiungo kwenye mfumo unaokimbia ni jambo jingine kabisa.

Escort: kugawa kazi bila kubomoa nyumba

Kwangu mimi gari lenye somo kubwa katika orodha hiyo ni Escort. Idara ya mashindano ya Ford kule Boreham haikuzing'oa bapa. Ilizipunguzia kazi. Waliweka mikono ya chuma kati ya ekseli na bodi ili nguvu za mafuta na breki zipite huko. Shokamzoba zilizokuwa zimelala kwa mshazari wakazisimamisha wima, na wakazijengea ndani ya bodi nguzo imara za kushikilia ncha za juu. Hatua kwa hatua springi ikabaki na kazi ya kubeba uzito, na kwa kuwa haikuhitaji tena kuwa ngumu ili kuzuia ekseli isijizungushe, ingeweza kuwa laini.

Sisi tungeita hivyo kupanga upya msimbo bila kuuandika tena kutoka mwanzo. Kila hatua gari linaendeshwa, na kila hatua inapimwa.

Escort ya 1977 ndiyo ya mwisho kushinda Safari kwa bapa. Kuanzia 1979 Mehta alishinda mara 4 mfululizo kwa Datsun yenye ekseli nzima, koili na mikono minne ya chuma, na ushindi haukurudi tena kwa bapa. Kwenye mbio suala lilikwisha pale.

Lakini kwa kubeba mizigo halijaisha

Simama kituo chochote cha matatu uchungulie chini ya Toyota Hiace. Bapa. Chungulia Hilux au Isuzu D-Max. Bapa. Hata Peugeot wenyewe, ambao saluni yao ya 504 ilishinda Safari kwa koili, walipotengeneza pikapu ya 504 waliweka bapa nyuma. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilipata koili mbele mwaka 1999, na nyuma zikabaki na bapa. Land Rover walikwenda njia nyingine: Range Rover ya 1970 ilikuwa na koili pande zote, na mwaka 1983 One Ten ikafuata, na magari hayo yamebeba mizigo duniani kote. Kwa hiyo inawezekana, ila chasisi yake ilipangwa hivyo.

Sababu za pikapu kubaki na bapa ni mbili. Ya kwanza ni tofauti kati ya tupu na kujaa. Pikapu inayobeba tani moja ikishusha mzigo nyuma hubaki nyepesi sana. Bapa zinaweza kuwekewa vyuma vya chini vinavyogusa tu mzigo ukizidi, kwa hiyo springi moja inakuwa na tabia mbili. Koili ya kawaida lazima uchague: ilegee ukiwa na mzigo au ikurushe ukiwa mtupu. Ya pili ni mahali uzito unapoingia. Bapa moja inagusa chasisi sehemu mbili zilizo mbali. Koilova inasukuma sehemu moja tu.

Na hapa ndipo penye hatari yenyewe. Bolti ya juu ya shokamzoba kwenye pikapu yako haikuwekwa ibebe gari. Iliwekwa itulize mruko. Ukitia koilova pale na kutoa bapa, umeipa kipande kidogo cha chuma uzito wote wa nyuma, na kila shimo la barabarani linauzidisha. Haitakatika kwenye gereji. Itakatika kwenye mteremko, gari limejaa. Lotus walilijua hilo, ndiyo maana waliimarisha buti, na hata hivyo difu iliwashinda.

Basi ufanye nini?

Kabla ya kumlipa fundi, muulize, au ujiulize, maswali haya:

1. Nikitoa bapa, ni chuma gani kitazuia ekseli isiende mbele na nyuma? Kipi kitaizuia isihame kando? Kipi kitaizuia isijizungushe nikishika breki? Kama jibu la swali lolote ni "koilova," ondoka.
2. Koilova itafungwa wapi juu, na sehemu hiyo imeimarishwa ibebe uzito, au ni pale pale pa shokamzoba ya zamani?
3. Gari hili hubeba nini siku za kazi? Jibu kwa ukweli, si kwa picha.
4. Ikivunjika Marsabit, nani ataitengeneza? Chuma kimoja cha bapa kikikatika, vingine mara nyingi hushikilia mpaka ufike kwa fundi wa jua kali. Mkono wa ekseli ukichomoka, hakuna wa kumsaidia.

Kama gari ni la starehe, halibebi mzigo, na una pesa za kuweka mikono ya ekseli na kuimarisha bodi kama inavyotakiwa, koilova zitakupa gari zuri. Datsun 240Z ilionyesha hivyo hapa hapa kwetu zaidi ya miaka 50 iliyopita. Kama ni la kazi, anza na mambo madogo: bushi mpya, chuma kilichopasuka kibadilishwe, bolti za U zikazwe, shokamzoba nzuri. Ukiona ekseli bado inarukaruka ukikanyaga mafuta, ongeza mikono miwili ya chuma kama Cortina ya 1965. Mara nyingi gari lililosingiziwa uzee wa springi lilikuwa na bushi zilizokwisha miaka mingi iliyopita.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Nitazungumzia jedwali moja la zamani ambalo kila mtu ofisini anataka kulifuta, na mimi nimeanza kwa kuandika orodha ya kazi linazofanya.